Alexis Carrel: mkono uliofungua njia ya kupandikiza moyo

Yakitajwa mambo ya kupandikiza moyo, wengi wetu hukumbuka jina la Christiaan Barnard, daktari wa Afrika Kusini aliyeondoa moyo uliochoka wa mgonjwa na kuweka wa mtu mwingine mahali pake, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Ni haki akumbukwe. Lakini Barnard alishona kwa ufundi alioukuta. Ili moyo mgeni ufanye kazi, ni lazima mishipa yake mikubwa iunganishwe na mishipa ya mgonjwa bila kuvuja, bila kuziba, na bila damu kuganda kwenye mshono. Aliyewafundisha madaktari wa dunia kuunganisha mishipa namna hiyo alikuwa Mfaransa, mtoto wa familia ya Kikatoliki, aliyefariki miaka 23 kabla ya siku ile ya Cape Town. Aliitwa Alexis Carrel.

Katika makala hii nasimulia maisha yake. Sikumchagua kwa sababu ni mtakatifu, maana hakuwa. Nimemchagua kwa sababu katika maisha ya mtu huyu mmoja tunaona wazi tofauti kati ya maswali mawili: mwili wa mtu unafanyaje kazi, na mtu ni nani? Swali la kwanza alilijibu kuliko karibu wote wa zama zake. La pili lilimshinda, na alipokosea, alikosea vibaya. Upandikizaji wa moyo kama tunavyoujua leo unahitaji majibu sahihi ya maswali yote mawili.

Mtoto wa Lyon

Carrel alizaliwa tarehe 28 Juni 1873 huko Sainte-Foy-lès-Lyon, kando ya jiji la Lyon nchini Ufaransa. Alibatizwa kwa majina ya Marie-Joseph-Auguste. Baba yake, mfanyabiashara katika kazi ya nguo, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 5 hivi, na mama akabaki na kazi ya kulea. Kijana akachukua jina la marehemu baba yake, Alexis, na ndilo lililojulikana duniani. Alisoma kwa mapadre Wajesuiti, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Lyon kusomea udaktari.

Huko chuoni imani yake ilipoa. Wasomi wengi wa Ufaransa ya wakati ule walishika msimamo kwamba kinachoweza kupimwa ndicho kilichopo, na kisichopimika ni hadithi. Carrel hakuwa mtu wa kulidharau Kanisa hadharani, ila sala na Misa vilibaki kwa mama yake na kumbukumbu za utotoni.

Tarehe 24 Juni 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alikuwa ziarani Lyon. Kijana mmoja mpinga serikali aliparamia gari lake la farasi na kumchoma kisu tumboni. Kisu kilikata mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Madaktari bora wa jiji walimzunguka, lakini hawakuwa na njia ya kuushona mshipa ule, na rais akafariki usiku uleule. Carrel alikuwa na miaka karibu 21, bado mwanafunzi wa udaktari. Jambo hilo lilimkera. Kwa nini ngozi ishonwe, utumbo ushonwe, lakini mshipa wa damu uliokatika uwe ni hukumu ya kifo?

Fundi wa kudarizi

Wapo waliokwisha kujaribu kabla yake. Tatizo lilikuwa hivi: mshipa ni laini na mdomo wake ni wa mviringo. Ukishona kwa kuuzunguka, sindano hunasa ukuta wa pili na kuuziba. Sindano nene huacha matundu yanayovuja. Uzi mkavu ukigusa damu, damu huganda, na mshipa huziba baada ya saa chache hata kama mshono ulionekana mzuri.

Carrel hakutafuta jibu hospitalini peke yake. Lyon ulikuwa mji wa hariri, wenye mafundi wa kushona wenye sifa Ulaya nzima. Alikwenda kujifunza kwa fundi wa kudarizi, Madame Leroudier, akafanya mazoezi ya kushika sindano nyembamba sana na uzi mwembamba wa hariri mpaka vidole vikazoea. Kisha akafikiria njia rahisi ya kulishinda tatizo la mviringo. Aliweka nyuzi tatu kwenye mdomo wa mshipa, kila moja kwa umbali sawa na mwenzake, halafu akazivuta kwa pamoja. Mviringo ukageuka kuwa pembetatu, yenye pande tatu zilizonyooka, na upande ulionyooka ni rahisi kuushona. Sindano na uzi alivipaka vaselini ili damu isigande. Usafi aliusimamia kwa ukali ambao wenzake wengi waliuona umepita kiasi. Mwaka 1902 akaichapisha njia hiyo katika jarida la madaktari wa Lyon.

Ndugu msomaji, tuone jinsi maarifa yanavyopatikana. Msomi wa chuo kikuu aliketi mbele ya mama fundi akajifunza, na yale mazoezi ya sindano na uzi ndiyo yaliyoingia katika vyumba vya upasuaji duniani kote.

Treni ya kwenda Lourdes

Mwaka huohuo wa 1902, mwezi Mei, daktari mwenzake alimwomba ashike nafasi yake katika treni ya mahujaji wagonjwa waliokuwa wakienda Lourdes. Carrel alikubali kwa sababu za kisayansi: alitaka kuona kwa macho yake yale yaliyokuwa yakisimuliwa, na alitazamia kuona wagonjwa wa mawazo tu.

Ndani ya treni alimhudumia msichana aliyeitwa Marie Bailly. Kwa uchunguzi wake, msichana alikuwa na kifua kikuu kilichoshambulia utando wa tumbo. Tumbo lilikuwa limevimba na kuwa gumu, mapigo ya moyo yalikwenda mbio, na Carrel alidhani huenda asifike Lourdes akiwa hai. Huko Lourdes alimwagiwa maji tumboni. Carrel alisimama karibu akiandika mabadiliko pamoja na saa ya kila moja. Kabla jua halijazama tumbo lilikuwa limerudi katika hali ya kawaida na msichana alikuwa akizungumza kwa utulivu. Baadaye alijiunga na Shirika la Mabinti wa Upendo, akawahudumia wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1937.

Kanisa halikuliorodhesha tukio hilo kati ya miujiza iliyothibitishwa ya Lourdes, na halina haraka katika mambo kama hayo. Carrel naye hakusema palepale kwamba ni muujiza. Alisema tu alichokiona, na kwamba hawezi kukieleza. Msimamo huo ulimgharimu pande zote mbili. Waumini walimwona mgumu wa kusadiki, nao madaktari wenzake wa Lyon walimwona mwepesi wa kudanganyika. Alielezwa kwamba mtu mwenye maoni kama yake asitarajie nafasi katika kitivo cha tiba. Habari za safari ile aliziandika kama hadithi ambayo mhusika wake mkuu ni daktari Lerrac, yaani jina lake mwenyewe likisomwa kinyumenyume. Hakuichapisha alipokuwa hai. Kitabu kilitoka mwaka 1949.

Hapa Carrel anastahili heshima yetu. Aliona jambo lisiloingia katika mfumo wake wa mawazo, na hakulikana ili kuulinda mfumo. Mwaka 1904 aliondoka Ufaransa akaenda Kanada, na kutoka huko akaingia Marekani.

Moyo ulipohamishwa kwa mara ya kwanza

Katika Chuo Kikuu cha Chicago alifanya kazi pamoja na Charles Guthrie, mtaalamu wa kazi za viungo vya mwili. Kwa muda wa miezi michache wawili hao walifanya majaribio mengi kwa wanyama: kurudishia mshipa uliokatwa, kuhamisha figo, kuhamisha tezi. Mwaka 1905 walichukua moyo wa mbwa mdogo wakauunganisha na mishipa ya shingoni mwa mbwa mkubwa zaidi. Moyo ule ulianza kupiga tena, ukapiga kwa muda wa saa 2 hivi, mpaka damu ilipoganda ndani yake.

Saa 2 ni muda mfupi, wala mbwa yule hakuutegemea moyo wa pili ili aishi. Lakini kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba moyo unaweza kutolewa katika mwili mmoja, kushonwa katika mwingine, na kupiga tena. Wapo walioona baadaye kwamba Guthrie hakupewa sifa aliyostahili kwa kazi hiyo.

Mwaka 1906 Carrel alihamia Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Rockefeller mjini New York. Huko aligundua jambo ambalo ni msingi wa kila upandikizaji. Alipotoa figo ya mbwa na kuirudisha kwa mbwa yuleyule, iliweza kufanya kazi kwa muda mrefu. Alipoihamishia kwa mbwa mwingine, mshono ulishika vizuri, lakini baada ya muda figo iliharibika. Kwa hiyo kikwazo hakikuwa tena sindano. Mwili wa anayepokea ulikuwa ukikitambua kiungo kuwa si chake na kukipiga vita. Carrel alieleza wazi kwamba kushona kumekwisha kuwezekana, na kwamba bila kuishinda hali hiyo ya mwili kukataa, viungo havitahamishwa kutoka mtu hadi mtu. Alikuwa sahihi. Jibu lilichukua zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1908 ufundi wake uliokoa mtoto mchanga. Binti wa daktari mmoja wa New York, mwenye siku chache tu tangu kuzaliwa, alikuwa akitokwa damu isiyokoma. Usiku ule Carrel aliitwa nyumbani kwao. Aliunganisha mshipa wa mkono wa baba na mshipa wa mguu wa mtoto, na damu ya baba ikaingia moja kwa moja kwa binti yake. Mtoto aliyekuwa amepauka alirudi rangi, akaishi. Wakati huo hapakuwa na chupa za damu wala benki ya damu kama tunavyozijua.

Mwaka 1912, akiwa na miaka 39, Carrel alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yake ya kushona mishipa na kuhamisha mishipa na viungo. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo ya tiba kutolewa kwa kazi iliyofanyika Marekani.

Moyo wa kifaranga

Mwaka huohuo Carrel alianza jaribio lililomfanya ajulikane hata kwa watu wasiosoma sayansi. Tarehe 17 Januari 1912 alichukua kipande kidogo cha moyo wa kifaranga kisichoanguliwa, akakiweka katika chombo chenye virutubisho. Seli zake ziliendelea kukua na kugawanyika. Msaidizi wake aliendelea kuzitunza mwaka baada ya mwaka, na magazeti yalikuwa yakiandika habari za moyo usiokufa. Zilitupwa mwaka 1946, miaka 34 baada ya kuanza, wakati Carrel mwenyewe alikwisha kufariki. Kutokana na jaribio hilo wanasayansi wengi waliamini kwamba seli, zikitunzwa vizuri, haziwezi kufa.

Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani, Leonard Hayflick, pamoja na mwenzake, walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara kadhaa tu, kisha huacha. Wengine waliojaribu kurudia jaribio la Carrel hawakufanikiwa. Inafikiriwa kwamba seli changa ziliingia katika chombo kila virutubisho vilipoongezwa, kwa sababu virutubisho hivyo vilitengenezwa kutoka kwa vifaranga. Heshima ya mshindi wa Nobel ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa miaka mingi waliopata matokeo tofauti walidhani kosa ni lao.

Vita, na pampu ya rubani

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Carrel alirudi kuitumikia nchi yake. Katika hospitali ya Compiègne, karibu na uwanja wa vita, yeye na mwanakemia Mwingereza Henry Dakin walitengeneza njia ya kusafisha vidonda vya askari kwa maji yenye dawa ya jamii ya klorini, yaliyopitishwa kwa mipira mpaka ndani ya kidonda kila baada ya saa chache. Ulikuwa ni wakati usio na dawa za antibayotiki, na wengi walinusurika kukatwa mkono au mguu. Mke wake, Anne de La Motte, mjane aliyemwoa mwaka 1913, alihudumu naye kama muuguzi.

Baada ya vita alirudi New York. Mwaka 1930 alikutana na Charles Lindbergh, rubani aliyesifika kwa kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake. Shemeji wa Lindbergh alikuwa na ugonjwa wa vali za moyo, na rubani alishangaa kuambiwa kwamba moyo haupasuliwi kwa kuwa hauwezi kusimamishwa. Kwa nini, aliuliza, mashine isiifanye kazi yake kwa muda? Carrel alimkaribisha maabara. Mwaka 1935 walitangaza pampu ya kioo iliyoweza kukiweka hai kiungo nje ya mwili kwa siku kadhaa, kikipitishiwa maji yenye virutubisho bila kuingiwa na vijidudu. Pampu ile haikumtibu mgonjwa yeyote wa moyo. Lakini swali la Lindbergh ndilo ambalo baadaye lilijibiwa na mashine za moyo na mapafu, ambazo bila hizo Barnard asingeweza kuondoa moyo wa mgonjwa wake.

Alipomtazama mtu kama tishu

Mwaka huohuo wa 1935 Carrel alichapisha kitabu kuhusu binadamu kama kiumbe asiyejulikana. Kilisomwa sana na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Ndani yake alilalamika kwamba sayansi imemkata mtu vipande, na kwamba sala na maisha ya roho navyo ni sehemu ya mtu. Wakatoliki wengi walifurahi kusikia hayo kutoka kwa mshindi wa Nobel.

Lakini kitabu hichohicho kilipanga watu kwa madaraja ya ubora. Kilitaka walio bora wazae zaidi na walio dhaifu wapungue. Kilipendekeza kwamba wauaji na wahalifu wengine wakubwa, pamoja na wagonjwa wa akili waliotenda uhalifu, waondolewe kwa gesi katika vituo maalumu. Katika toleo la Kijerumani la mwaka 1936 aliongeza maneno ya kuisifu serikali ya Ujerumani kwa hatua zake dhidi ya watu iliowaita wenye kasoro. Hatuwezi kusema hakuwa na mahali pa kusikia sauti tofauti. Papa Pio wa XI alikwisha kulaani fikra za namna hiyo katika waraka wake juu ya ndoa ya Kikristo, tarehe 31 Desemba 1930.

Carrel hakuendesha mauaji ya Wajerumani, wala hakuyaanzisha. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1940 serikali ile iliwaua kwa gesi wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 70,000 katika muda wa chini ya miaka miwili. Agosti 1941 Askofu Clemens August von Galen wa Münster alisimama mimbarani akapinga hadharani. Askofu yule hakujua kushona mshipa. Alijua kwamba mgonjwa asiyeweza kufanya kazi bado ni mtu.

Kosa la Carrel lilianzia wapi? Hapa naeleza ninavyoelewa mimi. Katika maabara, tishu nzuri huchaguliwa na mbovu hutupwa, na ni sawa kufanya hivyo. Kosa lilikuja alipoivusha kanuni hiyo hadi kwa watu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba roho ndiyo inayoufanya mwili kuwa mwili wa mtu huyu; mtu hapimwi kwa wingi wa viungo vizima alivyonavyo. Mwenye moyo dhaifu si nusu ya mtu. Lourdes Carrel aliona mgonjwa akiponywa. Lakini Lourdes inawapokea pia maelfu wasioponywa, inawasukuma katika viti vyao na kuwaweka mstari wa mbele. Jambo hilo halikuhitaji muujiza ili lionekane, nalo ndilo hakulielewa.

Mwisho wake

Carrel alistaafu kazi ya New York mwaka 1939, na vita ya pili ilimkuta akirudi Ufaransa. Mwaka 1941, chini ya serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani, aliongoza taasisi ya kuchunguza matatizo ya binadamu. Paris ilipokombolewa Agosti 1944, alisimamishwa kazi na kushutumiwa kuwa alishirikiana na adui. Hakufikishwa mahakamani, kwa sababu alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa moyo, ambao ulianza kumlemea mwaka mmoja kabla.

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa amejenga urafiki na mmonaki, Abate Alexis Presse, aliyekuwa akiifufua abasia ya kale ya Boquen huko Bretagne. Mazungumzo yao yalimrudisha taratibu katika imani ya utotoni. Abate ndiye aliyekuwa naye mwishoni, na Carrel alipokea sakramenti. Alifariki Paris tarehe 5 Novemba 1944, akazikwa katika kikanisa cha kisiwa kidogo cha Saint-Gildas, pwani ya Bretagne. Miaka ya 1990 mitaa kadhaa ya Ufaransa ilifutwa jina lake, na mwaka 1996 kitivo cha tiba cha Lyon kilichokuwa kikiitwa kwa jina lake kilibadilishiwa jina.

Kilichobaki na kilichoongezwa

Mshono wake ulibaki. Mwaka 1960 Norman Shumway na Richard Lower wa Stanford walionyesha njia ya kuweka moyo mpya kifuani mwa mbwa mahali pa ule wa zamani, na mbwa akaishi siku kadhaa. Mwaka 1967 Barnard aliifuata njia hiyo. Moyo ulitoka kwa binti wa miaka 25 aliyegongwa na gari, na baba yake ndiye aliyetoa kibali. Mgonjwa aliyeupokea, Louis Washkansky, aliishi siku 18, akafa kwa nimonia, kwa sababu dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo zilidhoofisha kinga yake yote. Mwaka 1968 dunia ilifanya upandikizaji wa namna hiyo zaidi ya mara 100, na wagonjwa wengi walikufa mapema. Hospitali nyingi ziliacha.

Shumway na wenzake hawakuacha. Walihesabu matokeo yao, mazuri na mabaya. Mwaka 1973 walianza kutumia kifaa cha kuchukua kipande kidogo cha moyo kupitia mshipa wa shingo, ili kuona dalili za mwili kukataa kabla mgonjwa hajazidiwa. Miaka ya 1980 ikaja dawa ya saiklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni, yenye uwezo wa kutuliza kinga bila kuiua yote. Ndilo jibu la kikwazo alichokitaja Carrel. Leo, katika hospitali zenye uzoefu, zaidi ya watu 80 kati ya 100 waliopandikizwa moyo huwa hai baada ya mwaka mmoja, na nusu yao huishi zaidi ya miaka 10. Kwa wasioweza kupata moyo kuna pampu za kuwekwa kifuani. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2001 kwa wagonjwa 129 wenye moyo ulioshindwa kabisa, walioishi mwaka mmoja kwa pampu walikuwa asilimia 52, na kwa dawa peke yake asilimia 25.

Sisi wa Tanzania tunaukuta mshono huo karibu. Figo zimepandikizwa Muhimbili tangu 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Muumini wa parokiani anayekwenda kusafishwa damu, akiwa na mshipa wa mkononi ulioungwa na mwingine, anabeba matunda ya kazi iliyoanzia Lyon.

Upande wa pili, ule uliomshinda Carrel, Kanisa limeusemea. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio wa XII aliwaeleza madaktari wa nusukaputi kwamba si lazima kuurefusha uhai kwa njia zisizo za kawaida, na kwamba kutambua hasa kifo kimetokea lini ni kazi ya madaktari. Tarehe 29 Agosti 2000 Papa Yohane Paulo wa II aliwaambia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo pale linapofanyika kwa hiari na kwa kujua, na kwamba kiungo si bidhaa ya kuuzwa. Katekisimu inafundisha vivyo hivyo: kiungo kitolewe kwa ridhaa, wala mtu asiuawe wala kulemazwa ili mwingine aishi.

Maana yake ni hii. Moyo wa kupandikiza hautoki ghalani. Unatoka kwa mtu, ambaye hakuwa na thamani pungufu kwa sababu alikuwa anakufa. Na unakwenda kwa mtu, ambaye hakuwa na thamani pungufu kwa sababu moyo wake ulishindwa. Mtu wa pili katika hesabu hiyo, mwenye moyo ulioshindwa, ndiye aliyekuwa Alexis Carrel mwenyewe mwaka 1944. Hakuna mshono wake uliomfaa siku ile. Alichohitaji ni mtu wa kukaa naye, na Kanisa lilimpa.

Kila Novemba tunawaombea marehemu wote, na yeye alifariki ndani ya mwezi huo. Tunapowataja wetu, si vibaya kumtaja na huyu: tumshukuru Mungu kwa mkono wake, na tumwombee huruma kwa yale aliyoyaandika.